Panya wa Skinner hawakutuletea fimbo

Ukikaa na walimu wa Tabora wanaojadili mtaala wa umahiri, hukawii kusikia kwamba nadharia za kale za ujifunzaji ndizo zilizotuharibia shule. Watafiti waliochunguza ujifunzaji kwa wanyama, Pavlov na mbwa wake, Thorndike na paka, Skinner na panya, wote wanashutumiwa kumfanya mtoto mnyama wa kufugwa, na fimbo ya mwalimu wa zamu inahesabiwa kuwa zao la fikra zao. Shutuma ya kwanza ina haki yake. Ya pili si kweli, na inatunyima msaada tunaouhitaji sana.

Haki yenyewe ni hii. Mwaka 1930 watafiti Tolman na Honzik walionyesha kwamba panya waliozurura kwenye mzingile wa vichochoro bila kupewa chochote walikuwa wakijifunza njia kimyakimya. Chakula kilipowekwa, makosa yao yalipungua ghafla. Kumbe kujifunza hakusubiri tuzo, kinyume na alivyofundisha Thorndike. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett wakawachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora, wakawaahidi cheti wakichora. Baadaye, walipoachwa huru, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mwalimu anayegawa peni kila Ijumaa kwa wanafunzi walewale watatu ana la kufikiria hapo.

Lakini fimbo? Skinner mwenyewe aliipima, na matokeo aliyachapisha mwaka 1938. Panya walikuwa wamezoea kubonyeza kibonyezo wapate chakula, kisha chakula kikakatwa. Kundi moja, kwa dakika kumi za mwanzo, kila walipobonyeza walichapwa miguu. Waliacha, tena haraka. Mtu angetazama dakika hizo kumi tu angesema adhabu imefanya kazi. Skinner aliendelea kuhesabu, na siku ya pili ilipokwisha, waliochapwa walikuwa wamebonyeza karibu sawa na wasiochapwa. Kuchapa kulikuwa kumeiahirisha tabia, hakukuifuta. Ndiyo maana mwalimu anayechapa huamini fimbo inasaidia: anaona ule utulivu wa mwanzo, na mtoto akirudia wiki ijayo, anahesabu hilo kuwa kosa jipya. Naye Thorndike, aliyeanza kwa kuamini kwamba raha na karaha zina nguvu sawa, miaka ya 1930 alijirekebisha. Watu walipoambiwa "sahihi," jibu lilishika. Walipoambiwa "kosa," jibu baya halikudhoofika kwa kiasi alichotarajia.

Ni kweli, watafiti waliofuata, Azrin akiwa mmoja wao, walionyesha kuwa adhabu kali inayofuata papo hapo huzima tabia. Ila huizima ikiwapo. Ikiondolewa, mara nyingi tabia hurudi. Sasa nani anataka ukali wa namna hiyo juu ya mtoto wa darasa la tatu? Hata kanuni zetu zinaweka kikomo cha viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye daftari.

Mchango wenyewe wa wazee hawa uko kwingine. Mwaka 1953 Skinner alitembelea darasa la hesabu la binti yake, na kilichomkera ni kwamba watoto walimaliza maswali bila kujua kama wamepata, na wote, wepesi na wazito, walilazimika kwenda mwendo mmoja. Akaanza kutengeneza mashine ya kufundishia, ya kumjulisha kila mtoto papo hapo kama amepata, kwa mwendo wake. Madarasa mengi ya Tabora yana tatizo hilohilo: madaftari yanakusanywa Jumatatu, yanarudi wiki inayofuata, na kufikia hapo mtoto keshasahau alivyofikiri.

Huku Isevya, hapa Tabora, nimemwona mwalimu anayepita na kalamu nyekundu wakati watoto wako kwenye swali la pili. Anasahihisha hilo moja tu, anaweka vema, au anagusa tarakimu iliyokosewa na kuuliza, "Hii ulikopa wapi?" Mtoto anafuta palepale. Darasa limejaa, hawafikii wote. Anafika safu tatu, kesho anaanzia alipoishia. Hapo hakuna peni wala pipi iliyoahidiwa, kwa hiyo onyo la 1973 halimgusi. Katika utafiti uleule, watoto waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupoteza hamu ya kuchora.