Celtic ilianzia kwenye sahani ya mtoto

Novemba 7, 2012, saa tano usiku ikiwa imeshapita kwa saa za Nairobi, Victor Wanyama aliipiga kwa kichwa kona ya Charlie Mulgrew, mpira ukatua wavuni mwa Barcelona. Celtic, klabu ya soka ya mji wa Glasgow huko Scotland, ikashinda 2-1, siku moja baada ya kutimiza miaka 125. Sisi Wakenya tulimshangilia kijana wetu. Mimi baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa amevaa jezi ya klabu ya wahamiaji.

Mashariki mwa Glasgow kulijaa Waayalandi, wengi wao wa familia zilizokimbia njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipoozea shambani. Walifanya kazi za sulubu na watoto wao wakashinda njaa. Bruda Walfrid, mtawa Mkatoliki wa shirika la Wamaristi na mwalimu aliyezaliwa Ayalandi, aliwaona watoto hao kila siku. Novemba 6, 1887, katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Maria, ikaundwa timu ya kuchangisha fedha za kuwalisha. Mechi ya kwanza, Mei 1888, waliwafunga Rangers 5-2, hao hao watani wao wa jadi hadi leo.

Wapo mashabiki wanaoizungumzia Celtic kana kwamba ni urithi wa ukoo. Nawaelewa: mwaka 1952 wakuu wa soka ya Scotland waliitaka klabu ishushe bendera ya Ayalandi, ikakataa, na naamini ilifanya sawa. Lakini hoja ya damu siikubali. Jock Stein, kocha aliyewapa Kombe la Ulaya mwaka 1967 pale Lisbon, alikuwa Mprotestanti. Kikosi kilichoifunga Inter Milan ya Italia kwenye fainali siku ile chote kilizaliwa ndani ya kilomita 50 hivi kutoka Glasgow, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Kisha akaja Wanyama, mtoto wa Nairobi, akaimbwa na uwanja mzima.

Kinachoniuma ni kingine. Mwaka 1897, miaka kumi tu baada ya kuanzishwa, klabu iligeuzwa kampuni ya wenye hisa, na sahani ya mtoto ikasogezwa pembeni. Hapo ndipo ilipojitenga na asili yake, kuliko siku yoyote ilipomsajili mgeni.

Ndiyo maana hufurahi kuwaona mashabiki wakikusanya vyakula nje ya uwanja kabla ya mechi, kwa ajili ya familia zenye shida za Glasgow ya leo. Sanamu ya Walfrid iko hapo hapo nje.