Sikumdai Profesa Fedha

Kwa kuwa rafiki yangu ninayeishi naye hapa Sapporo, Japani, ameshawatangazia kwamba nilimdai profesa wangu fedha mbele ya watu, ninalazimika kueleza kilichotokea jana, ingawa masikio yangu bado yanawaka moto.

Profesa alikuwa amerejea baada ya kuugua wiki tatu, nami niliyelelewa kwa shikamoo nikaona aibu kumpita bila kumjulia hali. Usiku nilifanya mazoezi ya kusema "Ogenki desu ka?", yaani "U mzima?" ya heshima, huku nikijikumbusha kwamba ile "o" ya mwanzo ni heshima anayopewa mwenzako, na kwamba unapojibu kuhusu nafsi yako huiondoa ukasema "genki desu" tu, kwani kuibakiza ni sawa na kujiamkia shikamoo na kujiitikia marahaba. Basi nikakilinda kichwa cha neno, nikausahau mkia. (Ninyi mnaojua kibarua changu cha jioni kwenye kaunta ya duka, ambako humwuliza kila mteja "Genkin desu ka?", yaani "Unalipa taslimu?", mmeshaona ninakoelekea. Tulieni.)

Nikainama. Nikainama hasa, mpaka nikaiona mishono ya viatu vyake, kisha kwa sauti ileile ya kaunta nikatamka: "Sensei, ogenkin desu ka?" Chumba kikanyamaza. Profesa akaupapasa mfuko wa koti, taratibu, akatoa pochi, akaifungua, akanitazama kwa macho ya mtu anayejitahidi kukumbuka deni, akauliza kwa upole: "Ikura desu ka?" Sasa, "ikura" ni "kiasi gani", lakini pia ni yale mayai mekundu ya samoni ambayo watu wa huku huyala juu ya wali, na kwa hofu niliyokuwa nayo tumbo ndilo lililonichagulia maana. Nikajibu kwa furaha: "Hai, daisuki desu!" Ndiyo, ninapenda mno.

Wenzangu wakaangua kicheko, mmoja akafafanua, profesa akacheka hadi akakohoa, na mchana akatupeleka sote kuyala hayo mayai. Mezani akanigeukia, akauliza polepole kama anayemlisha mtoto: "Ogenki desu ka?"

Nikanyoosha mgongo, nikajibu kwa sauti: "Hai, ogenki desu!"