Koti Utalipata. Ufunguo wa Sanduku la Barua Je?

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Tanga, binti wa jirani tuliyekuwa tukiishi nao ukuta kwa ukuta pale Ngamiani, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Viza imetoka. Anakuja Ujerumani kusomea uuguzi. Dakika zote nne zilikuwa na swali moja lililozungushwa kila namna: "Dada, ninunue koti gani?"

Simlaumu. Mimi nilikuja Februari 2019 na makoti mawili, glavu jozi tatu na soksi za sufu alizonitafutia shangazi kwa wiki nzima. Kila aliyenipa ushauri aliniambia baridi, baridi, baridi. Baridi ipo, sikatai. Lakini baridi hujitambulisha yenyewe: unatoka nje inakuchapa, unarudi ndani unaongeza fulana, yamekwisha. Haikuvizii. Kinachomvizia mgeni katika nchi hii ni karatasi.

Kwetu jambo zito huletwa na mtu. Anayekudai anabisha hodi, unampa kiti, unamwambia njoo mwisho wa mwezi, mnaelewana. Huku jambo zito huja kwenye bahasha, na bahasha haipokei udhuru.

Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo kwa sababu nilikuwa au pair: nalea watoto wa watu, nakula nao, nalala kwao. Barua yangu ikija, mama wa nyumba aliifungua pamoja nami pale mezani, akaniambia hii weka, hii tupa, hii tutajibu Jumatatu. Nilidhani nimeizoea nchi. Kumbe nilikuwa nimedekezwa. Nilipohamia Esslingen, karibu na Stuttgart, kuanza mafunzo ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee, nikapanga chumba kwenye fleti ya watu watatu, ndipo nilipoingia Ujerumani yenyewe.

Ukihamia mahali, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Wenyewe wanaita Anmeldung, na neno hilo utalisikia kuliko jina lako. Unakwenda na pasipoti na karatasi aliyosaini mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake. Asiyetaka kukupa hiyo karatasi, usipange kwake hata kama chumba kina dirisha la kuonea mto. Bila usajili huo kila mlango mwingine ni mgumu: benki, kibali cha kuishi, namba ya kodi. Namba ya kodi yenyewe ina tarakimu 11, inakuja kwa posta baada ya wiki kadhaa, na mwajiri akiikosa anaweza kukukata kodi kwa kiwango cha juu kabisa mpaka uilete.

Inakuja kwa posta, nimesema. Sasa sikiliza. Anwani za huku kwa kawaida hazina namba ya fleti. Tarishi anatazama majina kwenye masanduku ya chini pale mlangoni, na jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Rafiki yangu mmoja, Mkenya wa Kisumu, alikaa miezi miwili akisubiri kadi ya benki na namba ya kodi, akilaumu ofisi zote mbili, huku jina kwenye sanduku likiwa la mpangaji aliyehama. Dawa yake ilikuwa kipande cha karatasi na selotepu. Kwa hiyo siku ya kuhamia, kabla hujatandika kitanda, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike kwenye sanduku na kwenye kengele, kisha dai ufunguo wa sanduku. Wenye nyumba hukumbuka kukupa wa mlango, huu mdogo wanausahau.

Ukishajiandikisha barua zinaanza kumiminika. Ya kwanza kunishtua ilikuwa ya ada ya redio na televisheni, ya kila mwezi. Nikasema mimi sina televisheni, wamekosea. Hawakukosea. Ada ni ya nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo, na taarifa zako wamezipata kulekule ulikojiandikisha. Ila kwa kuwa ni ya nyumba, mkiishi watatu anayelipa ni mmoja tu, na wengine mnaandika namba ya malipo ya mwenzenu mnawarudishia. Mimi na wenzangu tulilipa mara mbili kwa miezi saba kwa sababu kila mmoja aliona aibu kumuuliza mwenzake.

Halafu kuna ile habari yangu ya basi.

Nilikuwa na tiketi ya mwezi kwenye simu. Jioni moja ya Novemba simu ikazima chaji, mkaguzi akaingia. Akachukua jina na anwani kwa upole kabisa, akanipa kikaratasi: nionyeshe tiketi ofisini kwao katika siku chache, nitalipa euro saba yaishe, la sivyo faini ni euro 60. Nikakitia mfukoni. Kesho yake zamu ya alfajiri, keshokutwa zamu ya alfajiri, kikaratasi kikafuliwa pamoja na suruali. Barua ikaja. Nikaitambua kwa nembo, nikaiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda, nitaisoma Jumapili nikiwa na kamusi. Ikaja ya pili, nayo mfukoni. Ya tatu haikuwa na nembo ile, ilitoka kwa kampuni ya kukusanya madeni. Mfuko ulikuwa na barua kumi na moja siku niliyoona bahasha ya njano.

Bahasha ya njano ni kitu kingine. Tarishi anaandika kwa kalamu tarehe aliyoitumbukiza kwenye sanduku lako, na siku zako zinahesabiwa kuanzia pale, umesoma hujasoma, upo haupo. Ile yangu ilikuwa amri ya malipo kutoka mahakamani, na ya aina hiyo inakupa wiki mbili za kupinga. Mimi niliifungua siku ya kumi na tisa. Euro saba zilikuwa zimezaa riba na gharama za huyu na yule, jumla zaidi ya euro 200, na sikuwa na la kupinga maana tarehe zote zilikuwa zao.

Nilikaa sakafuni nikazifungua zote kumi na moja, moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa za bima ya afya wakiomba tu picha yangu ya kuweka kwenye kadi. Moja ilikuwa ya kunirudishia pesa.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, na ndio niliompa yule binti. Barua haipandi ngazi bila kufunguliwa, naifungulia palepale kwenye masanduku. Natafuta tarehe na namba ya pesa kabla ya maneno, kwa sababu maneno simu itatafsiri lakini tarehe hairudi nyuma. Barua nyingi za ofisi za serikali zinazokuamulia jambo zinakupa mwezi mmoja wa kupinga, na imeandikwa kule chini kabisa, ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mtu aliyechoka hafiki. Na ukiona deni huliwezi, andika mapema uombe kulipa kidogo kidogo. Mimi waliniruhusu euro 40 kwa mwezi bila kuniuliza swali hata moja. Wangeniruhusu tangu mwanzo.

Mengine ya maisha utayazoea kwa kukosea, na mengi ni ya kuchekesha tu. Saa, kwa mfano. Mjerumani akikwambia mkutano ni "halb acht", umesikia nane na nusu kwa saa zao, yaani mbili na nusu yetu. Yeye anamaanisha nusu ya kuelekea nane, yaani moja na nusu yetu asubuhi. Mimi niliingia darasani saa mbili na nusu siku ya kwanza, nimependeza, nikitabasamu. Au fleti isiyo na jikoni. Si jikoni dogo, hakuna kabisa: mabomba mawili yanachungulia ukutani, na taa ni waya unaoning'inia, kwa sababu mpangaji aliyetoka amehama na vyake. Uliza kabla hujasaini. Na ukipika samaki wa nazi majira ya baridi madirisha yamefungwa, ule mvuke unaganda ukutani na baada ya wiki chache una ukungu mweusi ambao mwenye nyumba atakukata kwenye dhamana, ile pesa uliyoweka kwake ulipopanga. Fungua madirisha wazi dakika tano, mara mbili tatu kwa siku, hata kukiwa na theluji. Wao wenyewe hufanya hivyo na hakuna anayewaona vichaa.

Kitu kimoja kilinipa faraja na sikukitegemea. Ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari, unawasalimia wote waliokaa, na wote wanaitikia. Kisha kimya, hakuna neno tena mpaka unaitwa. Mara ya kwanza nilikaribia kulia. Nilikuwa nimeambiwa watu hawa hawasalimiani.

Sasa pesa, na hapa najua nitagombana na baadhi yenu.

Wajerumani walipotutawala walituachia maneno machache. Mawili bado tunayo mdomoni kila siku: shule, na hela, ile sarafu yao ndogo. Huwa nacheka nikiwaza kwamba ndivyo vitu hivyo hivyo viwili vinavyotuleta huku.

Mwaka 2024 mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, sehemu nyingi, alikuwa anapata kama euro 1,300 na kitu kabla ya makato. Ukizigeuza shilingi unaona kiwanja na mabati. Ondoa kodi, bima ya afya na pensheni, inabaki elfu moja na ushee. Ondoa chumba. Ondoa dhamana ya chumba, ambayo inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, ingawa sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, na mwenye nyumba hatakukumbusha hilo. Mimi mshahara wangu wa kwanza nilimtumia mjomba euro 300 za injini ya bodaboda. Ndio mwezi uleule wa ile faini. Nilikuwa na deni lililokuwa njiani kwenda mahakamani, na nyumbani wananiita tajiri.

Msimamo wangu ni huu: miezi mitatu ya kwanza usitume kitu, na useme kabla hujapanda ndege. Mkae sebuleni, mama, baba, wajomba, uwaambie mpaka mwezi fulani sina kitu, nikifika naanza kulipia kitanda. Watanuna. Wengine watasema umebadilika hata kabla hujaondoka. Lakini ukianza kutuma mwezi wa kwanza, umeshaweka kiwango, na kukishusha ni kugumu kuliko kukaa bila kukiweka. Ninawajua watu waliochukua kazi ya pili ya usiku, wakaanguka mtihani wa mafunzo, kibali kikayumba, kwa sababu ya ada ya shule ya mtoto ambaye si wao na hawajawahi kumwona.

Na msikope kuja huku kwa kulipa wakala. Tangu Kenya na Ujerumani zisaini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, simu yangu haipoi kwa matangazo ya "nafasi" za mafunzo kwa mamilioni. Nafasi ya mafunzo ya uuguzi haiuzwi. Nyumba za wazee huku zinatafuta watu kwa tochi, unatuma maombi mwenyewe kwa barua pepe. Gharama za kweli zipo: darasa la lugha, mtihani, kutafsiri vyeti, viza yenyewe euro 75, nauli. Mtu akikuomba zaidi ya hapo mwambie akuandikie kwenye karatasi kila shilingi inakwenda wapi, kisha subiri uone kama atakujibu.

Yule binti wangu hakulipa wakala. Aliandika maombi arobaini na mbili, mwenyewe, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maana sina wasiwasi naye sana.

Nimemjibu jana usiku. Koti usinunue Tanga. Nunua huku, wiki ya kwanza, kwenye maduka ya mitumba, na pesa ya maana uiweke kwenye viatu vyenye soli nene. Moja ya yale makoti niliyokuja nayo 2019 nililinunua mtumba palepale Ngamiani, baada ya kubishana bei nusu saa chini ya jua. Nilipofika, mama wa nyumba alilipokea ili alitundike, akageuza kola kusoma lebo, akamwita mumewe. Lilikuwa limeshonewa jina la duka la mji wao, lililofungwa miaka mingi kabla sijaja.