Ubongo hauhifadhi ulipofikia

Nimesoma makala kuhusu kufanya kazi nyingi kwa pamoja. Mwandishi wake anasema simu hufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, na kwamba nasi tukijizoeza tutaweza. Hapo sikubaliani naye kabisa. Prosesa, yaani chipu inayoendesha simu, ikiwa na kiini kimoja (sehemu moja ya kutendea kazi) hushika kazi moja tu kwa wakati: inaisukuma kidogo, inahifadhi ilipofikia, inarukia nyingine, tena kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Zenye viini vinne au vinane ndizo hufanya kazi sambamba kweli.

Sisi tunarukaruka vilevile, ila hatuhifadhi tulipofikia. Juzi nilikuwa nasoma mkataba huku najibu ujumbe. Nilirudia aya ileile mara tatu, na bado tarehe ya mwisho ya malipo ilinipita. Kutembea huku unaongea, sawa, miguu imeshazoea. Lakini kusoma na kuandika kwa pamoja? Yote mawili yanagombania mlango mmoja.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Ophir, Nass na Wagner, waliwapima watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa pamoja. Watu hao walizidiwa na wenzao wasio na mazoea hayo, hata katika kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Na hao ndio waliokuwa na mazoezi mengi zaidi.