Ukurasa wa Nozick unaorukwa

Kila ninapokuta mtu amemnukuu Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani, nukuu ni ileile: kodi inayokatwa kwenye jasho la mtu haina tofauti na kumfanyisha kazi ya shokoa. Wanaompenda huitoa kwa shangwe. Wanaomchukia huitoa kuonyesha kwamba hakuwa na huruma na maskini. Kitabu alichoandika maneno hayo, Anarchy, State, and Utopia, nimekisoma mara tatu sasa, na kila nikikimaliza naona pande zote mbili zimeupita mbio ukurasa wenye uzito kuliko yote.

Nozick alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1938. Baba yake alikuwa Myahudi mhamiaji kutoka Urusi. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa msoshalisti wa dhati, hata akaanzisha pale tawi la jumuiya ya wanafunzi wa mrengo wa kushoto. Alipokwenda Princeton kusomea udaktari ndipo alipokutana na hoja za ulibertari, yaani fikra kwamba mtu ni mmiliki wa nafsi yake na mali yake, na kwamba serikali haina ruhusa ya kufanya zaidi ya kumlinda dhidi ya mabavu, wizi na udanganyifu. Alizichukua hoja hizo ili azipinge. Katika dibaji ya kitabu chake anakiri kwamba zilimshinda, akazikubali shingo upande, na kwamba hakufurahia kutofautiana na wengi wa watu aliowaheshimu. Maungamo hayo ndiyo yaliyonifanya nimwamini kama mwandishi.

Mwaka 1969 alikuwa profesa kamili Harvard, na umri wake ni miaka 30 tu. Katika idara yake ya falsafa alikuwapo pia John Rawls, ambaye mwaka 1971 alitoa kitabu kikubwa juu ya haki, akisema tofauti za kipato zinakubalika pale tu zinapomnufaisha aliye chini kabisa. Mwaka uleule Nozick alikwenda California kwa mapumziko ya utafiti, nia yake ikiwa kuandika juu ya hiari ya mwanadamu. Siasa ikamteka. Mwaka 1974 akatoa Anarchy, State, and Utopia, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani.

Mfano wake maarufu ni wa Wilt Chamberlain, mchezaji wa mpira wa kikapu. Gawa mali kwa mpango wowote unaouona wa haki, hata kila mtu apate sawa na mwenzake. Kisha watu milioni moja, kwa hiari yao, waje kumtazama Chamberlain msimu mzima, na kila tiketi itoe senti 25 za kutumbukizwa kwenye kisanduku chenye jina lake. Mwisho wa msimu ana dola 250,000, na ule usawa wako umekwisha. Nani kadhulumiwa? Ukitaka kuurudisha mpango wako, itakubidi uingilie maisha ya watu kila siku. Nimetafuta jibu jepesi la hoja hii kwa miaka, sijalipata, na wanaoipuuza kwa kusema "huo ni ubinafsi tu" nadhani hawajaitazama vizuri.

Lakini angalia hoja inasimama juu ya nini. Kwa Nozick, haki ya mali haipimwi kwa kutazama nani ana kingi leo na nani hana kitu. Inapimwa kwa historia. Je, mali ilipatikana kihalali pale mwanzo? Je, ilipita mkono kwa mkono kihalali, kwa kuuzwa, kupewa au kurithiwa? Na kama popote njiani palitokea dhuluma, je, imerekebishwa? Sharti hilo la tatu silo pambo. Likikosekana, nadharia nzima inageuka ulinzi wa mwizi aliyefanikiwa kukaa na mali muda mrefu.

Yeye mwenyewe alilijua hilo. Alimhoji hata John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliyefundisha kwamba ukichanganya kazi yako na ardhi isiyo na mwenyewe, inakuwa yako. Nikimwaga kopo langu la juisi ya nyanya baharini, anauliza Nozick, je, nimeimiliki bahari au nimeipoteza juisi yangu? Msomaji wa mwambao wa Kenya, ambaye babu yake alilima shamba maisha yake yote huku hati ikiwa ya mtu mwingine, hahitaji kufundishwa uzito wa kuuliza mali ilianzaje.

Sasa ule ukurasa. Uko mwishoni mwa sura ya saba. Anasema kuleta usoshalisti kama adhabu ya dhambi zetu kungekuwa kuvuka mpaka, lakini dhuluma za nyuma zaweza kuwa kubwa kiasi cha kulazimu, kwa muda, serikali kubwa zaidi ili zirekebishwe. Tena anakubali kwamba, kwa kuwa hatuna kumbukumbu za kila aliyeporwa, huenda kanuni ya kukadiria ikawa kuipanga jamii ili kundi lililo chini kabisa lipate nafuu kubwa iwezekanavyo, maana huko ndiko wanakoelekea kuwa wengi wa waliodhulumiwa wazee wao. Hapo, kwa njia yake mwenyewe, amefika mlangoni kwa Rawls! Na mahali pengine katika sura hiyo anamwelekeza msomaji kwenye kitabu cha Boris Bittker kilichotetea fidia kwa Wamarekani weusi. Kwa nchi iliyojengwa juu ya utumwa na ardhi ya Wahindi Wekundu, hilo si jambo la kupitia juujuu. Anayemtumia Nozick kupinga kodi yoyote ya kuwasaidia maskini wa Marekani, bila kwanza kulijibu swali la dhuluma ya nyuma, amechukua nusu ya Nozick.

Lawama yangu kwake ni kwamba aliliacha swali hilo katika kurasa chache. Hakutaka kutumia maisha yake kuandika mwendelezo wa kitabu kile, akahamia kwenye maarifa, hiari, maana ya maisha. Mwaka 1989 aliandika, katika kitabu kingine, kwamba msimamo wake wa zamani ulikuwa na upungufu mkubwa. Mwaka 2001 akasema uvumi wa kuuasi ulibertari umetiwa chumvi. Saratani ya tumbo ilimwondoa Januari 2002, akiwa na miaka 63.

Katika kile kitabu cha 1989, kwenye sura ya wazazi na watoto, mna pendekezo ambalo sijawahi kumsikia mfuasi wake akilitaja. Mtu aweze kuwarithisha wanawe alichochuma mwenyewe, lakini kile alichokirithi yeye kitolewe kwenye hesabu, kisiendelee kushuka kizazi hadi kizazi. Chamberlain atawaachia watoto wake zile dola 250,000. Watoto hawataweza kuwaachia wajukuu.