Matete ya majitaka: hotelini sawa, mjini bado

Kisiwani Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, wageni hutumia vyoo vya mboji visivyohitaji maji, na maji ya kuogea hupita kwenye vitanda vya mimea kabla ya kuingia ardhini. Majitaka ya Zanzibar yakizungumzwa, mfano huu haukosi kutajwa, na swali hufuata: mbona tusifanye hivyo kila mahali?

Watetezi wa vitanda hivi wana hoja nzito. Kitanda ni shimo lililotandikwa plastiki ngumu, likajazwa kokoto na kupandwa matete. Maji yaliyokwisha kutuama kwenye karo, yaani shimo la majitaka, huingia upande mmoja na kujipenyeza kati ya kokoto kwa siku kadhaa. Kazi kubwa ya kusafisha hufanywa na bakteria waliojishika kwenye mawe na mizizi, matete hula kidogo tu. Penye mteremko, umeme hauhitajiki. Unguja ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme wa kutoka Bara. Mtambo unaosafisha majitaka kwa kupuliza hewa ungezimika, bakteria hao wasingejua.

Isitoshe, jiwe letu ni la matumbawe, limejaa matundu. Shimo la hoteli la kunyonya majitaka pale Paje au Jambiani huyahamisha tu: visimani, kisha pwani wanakolima mwani kina mama.

Sasa upande wa pili. Ulaya hukadiriwa mita za mraba 5 hivi za kitanda kwa kila mtu. Kwenye joto kama letu zinapungua, lakini hata nusu yake, Ng'ambo, kwenye mitaa iliyosongamana ya mji, utaipata wapi? Kuna vichochoro ambavyo gari la kufyonza karo halipiti. Mji Mkongwe ndiyo usiseme.

Halafu nitrojeni. Kitanda kilichojaa maji muda wote hukosa hewa. Uchafu unaooza hupungua sana, nitrojeni nyingi hupita. Na hiyo ndiyo inayolisha mwani usiopandwa na mtu, ule unaofunika matumbawe. Dawa ipo: kitanda cha pili kinachojazwa na kukaushwa kwa zamu, ila gharama inapanda, na pengine pampu inarudi. Wanaosema tuiachie kazi mikoko ya Chwaka, hao wanatafuta pa kutupa tu.

Linalonitia shaka zaidi ni utunzaji. Karo lisipofyonzwa kwa wakati, tope huziba kokoto, maji hupanda juu, mbu wanapata makao. Wizara haiwezi kukagua kila kitanda kila masika.

Kwa hiyo ningeanza na hoteli za mashariki na kaskazini: zina ardhi, zina bustani za kumwagilia, na bahari chafu inawakimbizia wateja. Kitanda kiwe sharti la kibali, pamoja na mkataba wa kufyonza karo na vipimo vya nitrojeni kwenye maji yanayotoka. Ng'ambo inahitaji mabomba ya kupeleka majitaka kwenye mabwawa nje ya mji, na fedha za matete zisichukuliwe kwenye fungu hilo.