Kijoto cha Mama Mkwe

Gari langu ni rika moja na Dodoma ya makao makuu. Mwaka 1973 TANU iliamua Serikali ihamie hapa, na kwa mujibu wa kadi, mwaka huohuo ndipo Volkswagen Beetle yangu ilipozaliwa, ile yenye mgongo wa kobe. Tofauti ni kwamba gari lilitangulia kufika. Serikali ilipoanza kufungasha kwa kishindo mwaka 2016, gari lilikuwa limeshabadilishwa rangi mpaka ukikwangua mlango kwa ukucha unasoma historia ya nchi.

Nililinunua kwa mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma. Wenzangu kazini Mtumba walisema nimerogwa, maana kwa kuongeza kidogo ningepata Toyota IST kama binadamu wengine. Nikawaambia: IST ikigoma, fundi anachomeka kompyuta, hili likigoma, fundi anachomeka bisibisi. Injini iko nyuma, inapozwa na upepo, halina rejeta. Katika mji ambao maji ya bomba huja kwa zamu, gari lisilokunywa maji ni mwananchi mwema.

Mzee alinikabidhi ufunguo pamoja na masharti, kama mtu anayeozesha binti. Usikanyage klachi ukiwa na hasira. Ukisikia mkanda wa feni umekatika, zima hapohapo. Na upepo wa tairi la akiba uuangalie sana, kwa sababu ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo. Nilidhani uzee unasema. Kumbe kweli, kuna mpira mwembamba unatoka kwenye tairi la akiba kwenda kwenye chupa ya maji. Kuna na kidude cha kuzuia upepo usiishe wote, ila cha kwangu kilishajifia. Ndiyo maana vumbi la Dodoma likichachamaa nachagua: ama nione barabara, ama niwe na tairi la akiba.

Ambalo mzee hakunitajia ni betri. Kwenye Beetle betri inakaa chini ya kiti cha nyuma. Betri ya asili ni fupi, na ina kifuniko chake. Yangu fundi alikuwa ameniwekea ndefu, iliyotoka kwenye pikapu ya mtu, na kifuniko hakuna aliyewahi kukiona. Juu yake kuna kiti chenye springi za chuma zilizojazwa makumbi na manyoya ya farasi. Akikaa mtoto hakuna neno. Mie na mke wangu tunakaa mbele, kwa hiyo nyuma hapakuwahi kukaliwa na mtu wa maana.

Mpaka Julai ile, mama mkwe alipokuja kutoka Kibaigwa.

Nilimpokea stendi ya Nzuguni, nimevaa shati la kola. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Alikuwa na gunia la mahindi, dumu la maziwa ya mgando, na kuku mmoja jike aliyefungwa miguu. Buti ya Beetle iko mbele, na humo mna tangi la mafuta na lile tairi langu lisilo na upepo, kwa hiyo gunia lilikataa kabisa. Vijana wa stendi wakalipitishia mlangoni hadi kiti cha nyuma, kwa sababu gari lina milango miwili tu. Nikamwomba mama akae mbele. Akagoma. Mbele ni pa mwenye nyumba na mke wake, alisema, na mahindi yake hayaachi peke yake na vijana wa mjini wanayaona dirishani. Akapenya nyuma, akakaa ubavuni mwa gunia, kuku miguuni, dumu mapajani. Gari likashuka kwa nyuma, pua ikatazama mbinguni.

Tukaondoka. Tuta la kwanza, taa ya dashibodi ikapepesa. Tuta la pili, redio ikajizima. Nikajisemea, uzee huo.

"Baba," mama akasema, "gari hili zuri."

"Ahsante, mama."

"Kwenye Kosta nilikaa dirishani, upepo wa Julai umenila kiuno chote. Hiki kiti chako kinapasha moto taratiibu. Watu wa zamani walitengeneza vitu kwa heshima."

Nikafurahi. Nikadhani ni joto la injini, si iko hukohuko nyuma? Kisha nikasikia harufu. Si ya mafuta, si ya mpira. Harufu ya kamba ya katani inayoungua. Nikatazama kwenye kioo: uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda nyuma ya mama mkwe, umenyooka kama wa ubani.

Sasa, wewe uliyelelewa vizuri niambie. Unamwambiaje mama mkwe kwamba moshi unatoka chini yake? Neno gani utatumia kwa sehemu ile? Mie nimeoa kwa Wagogo, nimekula kiapo cha adabu mbele ya wajomba. Nikatafuta Kiswahili chote, sikupata sentensi isiyo na makalio.

Nikaegesha pembeni, Ipagala.

"Mama, samahani. Labda ushuke kidogo unyooshe miguu."

"Miguu yangu haina shida, baba. Twende."

"Upunge hewa basi, mama."

"Hewa gani hapa, mbele ya jalala?"

"Mama, hilo joto… limezidi?"

"Hapana, sasa ndio linakolea."

Aliyetuokoa ni kuku. Hakuwa na mkwe yeyote mle ndani. Alipiga ukelele mmoja, akapiga mabawa, akakatika kamba, akanirukia kisogoni. Mama akainama kumtafuta, akaona moshi, akasema neno la Kigogo ambalo mpaka leo mke wangu amekataa kunitafsiria.

Kumtoa ndiyo ikawa kazi. Lazima ukunje kiti cha mbele, na kwenye kiti cha mbele kulikuwa na mkoba wake, maboga mawili na kuku aliyekuwa anagombana na usukani. Bodaboda waliokuwa kijiweni wakatukimbilia. Wawili wakamvuta mama kwa heshima zote, mmoja akavuta gunia. Wa nne, shujaa, akaenda mbele na ndoo ya mchanga, akafungua boneti, akaganda.

"Jamani! Injini wameiba!"

"Funga hapo!" nikapiga kelele. "Hapo pana petroli!"

Ndoo ikaanguka, shujaa akawa ameshavuka barabara.

Kile kiti hakina nati hata moja, ukikinyanyua kinatoka. Tukakitupa kando ya lami, makumbi yanafuka kwa raha zao. Gari moja likapunguza mwendo, dereva akauliza kilo ya mbuzi bei gani. Hakuna aliyemjibu. Ndipo mama mkwe akaja na dumu lake, akafungua kifuniko, akamimina mgando wote juu ya kiti, taratibu, kama anayemwagilia mboga. Moshi ukakata. Harufu iliyobaki siwezi kuieleza kwa watu wanaotarajia kula.

Fundi alikuja, akatazama vile vichwa vya betri vilivyopigana shoti na springi, akakata kipande cha tairi kuukuu, akavifunika. Kazi ya dakika tatu. Malipo alidai kama ameshusha injini.

Nyumbani Nkuhungu sikuulizwa kitu. Mama aliingia ndani na binti yake, mlango ukafungwa, nikasikia kicheko kirefu, na tangu jioni hiyo mke wangu akinipakulia chakula ananiuliza kama kimepata moto wa kutosha.

Siku ya kumrudisha mama stendi nilikodi bajaji. Akaikataa. Akapenya nyuma ya Beetle, akakaa palepale, akajitengeneza khanga. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Tulipofika barabara kuu akanigusa begani.

"Baba, leo kile kijoto hujawasha?"

"Mama, kile kilikuwa moto."

"Najua. Washa kidogo tu, tutazima tukifika Ipagala. Maji ninayo hapa."